Robo Saa ya Wanawake

Siku hizi wananiweka mbele. Kukiwa na mkutano wa wanawake, wa parokia au wa chama chochote, gari inatumwa kunichukua, naketishwa kwenye kiti chenye mto, na binti mmoja aliyevaa vizuri anasimama kueleza kwamba mama huyu mnayemwona, wakati wa Wabelgiji, ndiye aliyewapa wanawake wadogo wa site nafasi ya kusimulia maisha yao. Wanapiga makofi. Mimi natabasamu, nakunywa Fanta yangu, nasubiri kurudishwa nyumbani nikavue viatu, maana miguu inavimba. Nimechoka kushukuriwa. Leo nitasema kwa nini, mara moja, halafu wasiniulize tena.

Ninaandika Kiswahili nilichofunzwa na masista, kile cha vitabu. Kwetu Élisabethville tulisema kingine, cha kusema bantu na batoto badala ya watu na watoto, na mwanamke ninayetaka kumweleza alijua hicho tu. Maneno yake nitayaacha kama alivyoyasema. Ningalifanya hivyo zamani, leo nisingekuwa na la kuandika.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli, mtu wa kaskazini, Mkatoliki wa kuamka na kengele. Alinisomesha kwa masista wakati majirani wakimcheka kwamba anajisumbua bure kwa mtoto wa kike. Nilipotoka huko, nikiwa na miaka kumi na tisa, nilipewa kazi ya monitrisi katika nyumba ya mafunzo ya wanawake pale site, mtaa wetu sisi Waafrika. Kazi yenyewe ilikuwa kuwafundisha wake za wafanyakazi kushona nguo za mtoto mchanga, kupiga pasi, na kunyonyesha kwa saa. Kwa saa, haki ya Mungu. Mama mwenye watoto sita anaambiwa na msichana asiye na hata mmoja kwamba titi linatolewa saa ikifika, siyo mtoto akilia. Walinitazama, wakasema ndiyo monitrisi, wakachukua uzi wao wakaenda. Mara moja kwa juma nilipita majumbani mwao na daftari, natazama kama sufuria zimesuguliwa. Nikigeuka mgongo waliniita majina, na sikuwalaumu hata wakati ule.

Mkubwa wetu alikuwa mwanamke wa Kibelgiji tuliyemwita Madamu. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu vijana wanaokuja kunihoji wanapenda awe mbaya, inawarahisishia. Alifanya kazi mpaka akaugua, na ni yeye aliyekwenda kwa wakubwa wa redio kutuombea nafasi. Jumapili baada ya misa ya pili, redio ya Waafrika ilitoa nyimbo, matangazo na habari za mpira, na sauti ilitoka kwenye vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo, kwetu site na katika kambi za wafanyakazi mpaka Likasi na Kambove. Watu walileta viti vyao. Madamu aliomba robo saa kwa ajili ya wanawake, wasimulie maisha yao wenyewe, akapewa.

Ila kwa masharti. Mwanamke ananisimulia mimi, mimi naandika kwa Kifaransa, Madamu anasoma, kisha inapelekwa kwa bwana mmoja wa ofisini anayegonga muhuri, halafu mimi naigeuza iwe Kiswahili na kuisoma. Mwenyewe haingii. Eti ataogopa mashini, tena Kiswahili chake si safi. Kwa hiyo wanawake wa site nzima walisimulia maisha yao, na sauti iliyosikika ilikuwa moja, ya kwangu.

Niliipenda hiyo kazi, nisijifanye. Niliitwa Mama Redio nikiwa hata sijaposwa. Nilikuwa nikienda sokoni, mtu ananisikia nauliza bei ya ndakala, dagaa wetu, anageuka. Na nilikuwa na sauti nzuri kweli, masista walikuwa wameinyoosha kwa miaka mingi ya kusoma maisha ya watakatifu wakati wa chakula.

Hadithi zenyewe, jamani. Kila Jumapili ni mke wa karani au wa kapita, msimamizi wa wafanyakazi, aliyejifunza kuoka keki, na tangu siku hiyo bwana wake harudi nyumbani akiwa amekunywa. Nilisoma ya keki, nikasoma ya mapazia, nikasoma ya mama aliyeacha dawa za kienyeji na mtoto wake akanenepa. Wamama walikuwa wakicheka chini ya nguzo, kwa sababu huyo bwana wa keki walimwona jana yake akiimba barabarani.

Wako wanawake ambao hawakufika kwetu kabisa. Serikali iliwaandika katika orodha yao peke yao, wanawake wasio na bwana, na wakalipishwa kodi kwa ajili ya kukosa huyo bwana. Mjane, aliyefukuzwa, aliyekimbia kipigo, na yule aliyechagua mwenyewe kuishi na wanaume wanaopita, wote walitiwa gunia moja, na mtaani wakaitwa jina moja ambalo siliandiki hapa. Walipika munkoyo, ile togwa yetu ya mahindi na mizizi, wakauza na vitumbua. Sisi tuliosoma tulinunua munkoyo yao, tukashukuru, tukavuka upande wa pili wa barabara.

Mmoja wao alikaa nyuma ya avenyu yetu. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mwembamba, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, mtu asiyepiga domo na wateja. Siku moja mchana alikuja mpaka mlangoni kwangu kazini, mikono inanukia mizizi, wanafunzi wangu wakavuta viti vyao pembeni. Nikamwuliza kama amekuja kujiandikisha kushona. Hapana, hakuja kushona. Alitaka kujua kitu kimoja.

“Ile redio, banaisikiaka na pa Kambove?”

Nikamwambia ndiyo, kambini. Akakaa chini, hapo hapo kizingitini, akanisimulia.

Bwana wake alikuwa mfanyakazi wa mgodi kule Kambove, mtu wa kaskazini kama baba yangu. Yeye mwenyewe alikuwa wa kusini, karibu na mpaka, na kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwetu mtoto ni wa baba. Walipooana hakuna aliyefikiria jambo hilo, walikuwa vijana, mshahara ulikuwapo, wakapata mtoto mmoja wa kike. Kisha bwana akafa kwa kifua. Ndugu zake wakaja, matanga yakakaa muda wake, na siku ya kuyaondoa, wajane wazee wakampeleka mtoni kama desturi inavyotaka, akanyolewa, akaoshwa, akavikwa kitambaa kipya. Aliporudi mtoto hakuwapo. Kaka mkubwa wa marehemu, naye mfanyakazi wa kambi ile ile, alikuwa amemchukua kwake, na nyumba ya kampani ilikuwa tayari inangoja mtu mwingine, ndipo akaja kwetu mjini.

Alikwenda kushtaki. Wazee wa baraza walikuwa wa kaskazini karibu wote, wakasema mtoto ni wa baba, mambo yakaisha. Alikwenda Kambove mara tatu, na mara zote tatu alirudishwa getini. Mara ya tatu mke wa shemeji alikuja kumwambia, bila hasira hata kidogo, asijisumbue tena, kwa sababu mtoto ameshaelezwa kwamba mama yake alimtupa akafuata mwanaume mjini. Mtoto alikuwa na miaka saba alipochukuliwa. Sasa alikuwa na minane.

Aliyasema yote hayo kwa sauti ya kawaida, nzito kidogo, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda mahali. Hakuomba arudishiwe mtoto. Alijua amekwisha kushindwa.

“Mi sitake vita na bale bantu,” akasema. “Batoto ba kambi banaikalaka chini ya redio siku ya Mungu, juu ya nyimbo. Nataka asikie sauti yangu. Akisikia tu, atajua sikumutupa.”

Nikakubali. Moyo uliniuma, na si hilo tu: nilikuwa nimechoka na keki.

Madamu alikataa siku ya kwanza. Redio si mahali pa ugomvi wa familia, akasema, tena mwanamke huyo hana bwana, tutaambiwa tunawasifu wa namna hiyo. Nilibishana naye kwa siku nne, jambo ambalo Mwafrika hakulifanya hivi hivi, mwenzangu mmoja akaanza kula mbali nami. Siku ya tano Madamu akalegea. Mjane, sawa, mjane ana heshima yake. Lakini hakuna kumlaumu mtu yeyote, na atakayesoma ni mimi, kama kawaida.

Nikampelekea habari hizo. Sauti yake ndiyo iliyokuwa jambo lenyewe, na hiyo ndiyo niliyoshindwa kuipata. Akasema haidhuru, mradi maneno yawe yake.

Nikaenda kwake alasiri tatu. Yeye anachuja munkoyo, mimi nimekaa juu ya kinu kilicholazwa, daftari magotini. Hakusimulia kwa mstari ulionyooka. Alianzia kwa mtoto kupenda ukoko wa bukari, ule ugali wetu, akapita kwenye kikohozi cha bwana, akarudi kwa mtoto, jinsi alivyolala ameshika sikio la mama yake, na akiliachia basi kalala kweli. Mwishoni alinipa ujumbe wenyewe, akaniomba niurudie mpaka niuweze bila daftari. Niliuweza, na ninauweza mpaka leo.

“Mutoto yangu, sikukutupa. Nilienda mu maji na bamama, kurudia, hauko. Nilikuja mara tatu, balinirudisha. Mi niko.”

Ndiyo hivyo tu. Nikaandika Kifaransa changu kizuri, nikampelekea Madamu.

Akasoma mbele yangu na penseli mkononi. Baraza likatoka. Geti likatoka. Mara tatu ikatoka, kwa sababu mara tatu inamlaumu mtu. Ukoko wa bukari ulibaki, aliupenda. Akafika mahali akasimama, akauliza jambo la haki kabisa: sasa huyu mtoto amefikaje kwa baba mkubwa wake? Msikilizaji atataka kujua.

Hapa ndipo ninapotaka kusema polepole. Madamu hakunilazimisha. Aliuliza, na ni mimi niliyejibu, haraka, kama mwanafunzi mzuri aliyeinua mkono. Nikasema tunaweza kuandika kwamba mama alimkabidhi mtoto kwa baba mkubwa ili alelewe vizuri.

Kwetu watu wa kaskazini ndivyo inavyosemwa. Mtoto akienda kwa ndugu wa baba yake, hata kama mama alishikiliwa na watu wawili mtoto akitolewa, kesho yake mbele ya watu mama anasema: nimewapa mtoto wao. Ni heshima. Mtu mzima yeyote anaisikia akajua kilichopita, hakuna anayedanganyika. Baba yangu aliletewa binti wa mdogo wake namna hiyo, nilikuwapo, nilimwona mama yake akiyasema maneno hayo macho yamevimba, na sisi tukamsifu kwamba ni mwanamke mwenye adabu. Nilifikiri namvika huyu wa kusini adabu hiyo hiyo. Na ndani kabisa, mahali ambapo sikuwahi kumwonyesha hata padri, nilifikiri wazee wa baraza hawakukosea. Mtoto ni wa baba. Ndivyo nilivyolelewa.

Madamu akasema vizuri sana. Muhuri ukagongwa.

Sikumwambia mwenyewe. Nilijiambia hapakuwa na nafasi, lakini nyumba yake ilikuwa hatua mia mbili kutoka kwetu.

Jumapili ile nilisoma vizuri kuliko siku zote. Najua, kwa sababu bwana wa mashini, Mzungu asiyejua neno la Kiswahili, alinipa leso yake nilipomaliza. Nilisoma habari za mjane mwema aliyempenda mtoto wake hata akamkabidhi kwa baba yake mkubwa apate malezi, na kila Jumapili anamwombea. Nilisoma ukoko, nikasoma sikio. Njiani nikirudi, wamama walinishika mikono wakilia, wale wale waliocheka keki. Mmoja alisema sasa na sisi tumesikika. Nikatembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Yeye sikumwona pale nguzoni, ingawa waliniambia alikuwapo, alisimama mbele kabisa, akaondoka kabla ya wimbo. Kesho yake nikaenda kwake. Alikuwa anachuja. Hakuacha kuchuja.

“Nani alikuambia mi nilimutoa?”

Nikamweleza ile heshima. Nilieleza vizuri, nilikuwa mwalimu. Kwamba ni namna ya kusema, kwamba hata shemeji zake walivyosikia walijua maana yake, kwamba sasa watu wote wanamwona mwanamke mwenye adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Angenitukana ningepata nafuu.

“Bakubwa banajua,” akasema. “Ule mutoto iko na miaka munane. Heshima yenu ataijulia wapi?”

Akanichotea kikombe cha munkoyo, kama anavyomchotea mteja yeyote, nikanywa kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikamwahidi kwamba Jumapili inayofuata nitasahihisha.

Madamu alishangaa. Kilichosomwa kimesomwa, akasema, na kimependwa. Jumapili inayofuata ni ya kuchemsha maji ya kunywa. Nikasoma ya maji. Baada yake nikasoma ya mama aliyepanda bustani ya kabichi. Nilikaa mbele ya mashini ile Jumapili baada ya Jumapili kwa karibu miaka miwili, karatasi yenye muhuri mkononi, na ujumbe wake kichwani mwangu mzima mzima. Ningeweza kuusema kabla mtu hajazima. Ningefukuzwa, baba yangu angeaibika, labda angeonywa kazini. Hayo yangenipata, ni kweli. Lakini hayakuwa makubwa kama nilivyoyafanya. Nilikuwa napenda kugeukiwa sokoni.

Yeye alihama bila kuaga. Nyumbani mwake wakaingia watu wengine, na nilipouliza waliniambia amerudi kwao mpakani, hawakujua kijiji. Sikufuatilia. Mwanzoni nilisema nitafuatilia, kisha nikaolewa, nikazaa, Wabelgiji wakaondoka, tukapata uhuru na vita kwa pamoja, na mtu akitaka kuacha kumfikiria mwenziwe, sababu hazikosekani.

Miaka ilipita mingi. Nilikuwa nimekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na siku ya kuandikisha watoto nilisimama barazani nikiita majina kwenye orodha. Mama mmoja kijana, kitoto mgongoni na kingine mkononi, alitoka kwenye mstari, zamu yake ikiwa bado, akaja kusimama mbele yangu. Nilitaka kumwambia arudi. Aliniuliza kwa adabu kama ni mimi niliyesomaka mu redio zamani.

Nikasema ndiyo, nikatayarisha tabasamu, maana walikuwa wakinisimamisha.

“Nimekujua kwa sauti,” akasema. “Nilikuwa pa Kambove. Nilikuwa nangojaka mama yangu kila siku pa geti. Kisha siku moja ukasema mu redio asema alinitoa. Siku ile nikaacha kumungoja.”

Nilimvuta ndani ya ofisi, nikafunga mlango, watu wakabaki wamesimama juani na karatasi zao. Nikamwambia yote. Matanga, mtoni, baraza, geti mara tatu. Nikamwambia neno la kumkabidhi lilikuwa langu. Hakulia. Alikuwa anambembeleza mtoto mgongoni, anayumba kidogo huku na huku, na macho yake yalikuwa juu ya meza. Nilipomaliza aliuliza kama mama yake bado yu hai, nikasema sijui. Aliuliza kijiji, nikasema sijui.

Nikamwambia lakini maneno yake ninayo, yote, nimeyashika kama alivyonipa. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

“Uniambie kama vile yeye alisema. Sauti yake ilishanipotea. Nikijaribu kuikumbuka, nasikiaka yako.”

Nikafungua mdomo. Nilijua sauti ya mama yake ilikuwa ya kawaida, nzito kidogo. Nikaanza, mutoto yangu, sikukutupa, na ilitoka imenyooka, kila neno mahali pake, kama walivyonifundisha masista. Nikaacha, nikajaribu tena kwa chini zaidi. Ikatoka ile ile.

“Basi, mama,” akasema. “Inatosha.”